Ruzuku, Sadaka na Jina la Yatima

Neno "ruzuku" lilisafiri mbali kabla ya kufika kwenye meza za miradi. Mzizi wake ni mmoja na wa "riziki", na wazee wetu walipolitumia kama kitenzi, mtendaji alikuwa Mungu: Yeye ndiye aruzukuye. Leo ukilitaja katika baraza la wazee wa usharika, wajumbe hufikiria fomu, bajeti, tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi na taarifa ya kila robo mwaka. Hatusemi kwamba badiliko hilo ni dhambi. Tunasema lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita katika makanisa yetu ya Kilutheri hapa Tanzania.

Ruzuku ya kwanza kuyabana makanisa ilikuwa ya shule. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembelea Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika, James Aggrey, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Ghana. Tume ilishauri serikali na misheni zishirikiane katika elimu. Katika miaka iliyofuata serikali ya Tanganyika ilianza kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizotimiza masharti yake: mwalimu mwenye sifa, mtaala uliokubaliwa, mkaguzi kufika. Shule ndogo ya kijijini, ambako mwinjilisti alifundisha kusoma, kuhesabu na Katekisimo chini ya paa la nyasi, haikupata kitu. Ilibaki mgongoni mwa wakristo wa pale pale. Hivyo tangu mapema ruzuku ilifanya kazi mbili: ilileta fedha, na iliamua ni kipi kiitwe shule.

Kisha zikaja vita. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuwa wamekwisha kuondolewa mara moja, mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakarudi katikati ya muongo ule. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wa Leipzig, wa Betheli na wa Berlin walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Walutheri wa Marekani, kwa njia ya Baraza lao la Kitaifa, walichangisha fedha kwa ajili ya kazi zilizoachwa, na wamisionari wachache wa Augustana, waliokuwa wakifanya kazi Iramba na Singida, waliombwa kusimamia nchi pana kupita uwezo wao. Wenzao waliopanda meli ya Misri, Zamzam, ili kuja kuwasaidia, walizamishiwa meli hiyo na manowari ya Kijerumani tarehe 17 Aprili 1941 katika Atlantiki ya Kusini. Waliokolewa baharini na manowari ile ile. Mtu asidhani basi kwamba msaada ule ulikuwa wa watu waliokaa raha wakitia saini hundi.

Tunashukuru kwa msaada huo, wala hatuoni haya kushukuru. Kinachotusumbua ni jina. Kazi hizi ziliitwa "misheni yatima". Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi. Lakini Machame, Marangu, Usambara na Bukoba kengele ziliendelea kupigwa. Walimu walifundisha wakiwa na mshahara uliopungua au bila mshahara, wazee walizunguka nyumba kwa nyumba, na kule mlimani kahawa ilipouzwa, sehemu yake ilifika kanisani. Ukiwa ofisini New York uliona mahali ambapo mmisionari hayupo. Usharika uliokuwapo haukuonekana kwa urahisi. Jina lile lilitungwa na watu waliotupenda, na pengine ndiyo sababu lilidumu. Nani angebishana na upendo?

Ubishi ulikuja baadaye. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya juu ya kutegemea misaada na mikopo ya nje. Mwaka 1971 John Gatu, mchungaji wa Kipresbiteri wa Kenya, aliyaambia makanisa ya Magharibi kwamba wakati umefika wa kusitisha kwa muda wamisionari na fedha, na mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka uliuunga mkono wito huo. Usitishaji wenyewe haukutekelezwa. Mwaka ule ule wa 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi kwa msaada mkubwa wa nje, na walioshangilia kujitegemea walitibiwa humo. Sisi nasi tumelazwa humo. Hatuwezi kusimama wodini tukahubiri kwamba fedha za wafadhili ni sumu.

Mtume Paulo alikusanya mchango kwa miaka kadhaa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wanafunzi wetu hukumbuka kwamba Wamakedonia walitoa wakiwa maskini. Wachache hukumbuka kwamba Paulo hakubeba fedha peke yake. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa. Wachache zaidi huona kwamba katika sura ya 15 ya Warumi anaomba aombewe ili mchango huo ukubalike. Mtoaji ndiye mwenye hofu. Mpokeaji ana uwezo wa kukataa, na mtoaji anajua hivyo.

Miaka michache iliyopita sisi wa chuo tulikisaidia kikundi cha akina mama kuandika andiko la mradi wa matangi ya maji ya mvua. Mwongozo wa mfadhili ulidai maelezo ya hali ya uhitaji, nasi tukaandika, kwa ufundi wote tuliosomea, kwamba jamii hiyo haina uwezo wowote. Kabla ya kulipeleka tuliwasomea. Mtunza hazina, mama wa umri mkubwa, alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Baba Mchungaji, hawa watu wanakaa wapi? Tuwapelekee hata unga." Wenzake walicheka. Sisi tulikawia kucheka. Kisha akatoa daftari: michango ya kila mwezi, siku za kusomba mawe na mchanga, mnada baada ya ibada, na tangi moja walilokwisha kumjengea mjane bila kumwambia mtu.

Tuliliandika upya andiko lote. Tulipomaliza, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku nne, na baadhi ya akina mama hawakutuficha kwamba maji yangewafaa zaidi kuliko sentensi zetu nzuri. Hatukuwa na jibu. Mwaka uliofuata tulilipeleka kwa mfadhili mwingine pamoja na nakala za kurasa sita za daftari. Walituuliza jambo moja tu: katika mnada mmoja kuku yule yule ameandikwa kuuzwa mara tatu, je, ni kosa la mahesabu? Ilitubidi tuwaeleze kwamba kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena.