Nguvu za Wananchi na Shule ya Msingi Tanzania, 1967–2016

Historia ya shule ya msingi nchini Tanzania haiwezi kuelezwa kwa nyaraka za wizara peke yake, kwa kuwa madarasa mengi yaliyosomewa na vizazi vilivyopita yalijengwa kwa kile kinachoitwa nguvu za wananchi, yaani kazi ya mikono, mchanga, mawe na michango ya fedha ya wanakijiji. Hata kabla ya Uhuru, jumuiya ya wazazi iliyojulikana kama TAPA, iliyofungamana na chama cha TANU, ilikuwa ikifungua shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali ya kikoloni na za misheni.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe na shamba au karakana, izalishe sehemu ya mahitaji yake, na imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini. Wazo hilo lilipelekwa mbali zaidi huko Kwamsisi, mkoani Tanga, ambako kuanzia 1971, kwa kushirikiana na Chuo cha Ualimu Korogwe, ilijaribiwa shule ya jamii, yaani shule ambayo masomo yake hufungamanishwa na shughuli za kijiji na ambayo huwahudumia watu wazima pia. Elimu ya namna hiyo ilikumbana na matarajio ya wazazi, ambao wengi wao hawakuona sababu ya kumpeleka mtoto shule ili akafundishwe jembe alilokwisha kulizoea nyumbani. Wazazi hao hawastahili kuitwa wakaidi, kwani nafasi za sekondari zilikuwa chache mno na mtihani wa darasa la saba ndio uliokuwa ukizigawa.

Mzigo mkubwa zaidi ulikuja Novemba 1974, pale Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, ilipoamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa 1989, itimizwe ifikapo Novemba 1977. Kwa kuwa hazina ya serikali isingemudu kasi hiyo, vijiji viliagizwa vijenge: wananchi wakafyatua matofali na kuinua maboma, yaani kuta zisizo na paa, huku maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakichukuliwa kuwa walimu, wakifundisha na kujifunza kazi papo hapo, kwa masomo ya posta na ya redio. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, yaani kifupisho cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, jina ambalo baadaye lilitumika kwa kejeli, ingawa bila wao maboma yale yangebaki bila mtu wa kusimama ubaoni.

Sheria ya Elimu ya 1978 ililazimisha watoto kuandikishwa na kuhudhuria shule, na ikazipa kamati za shule nafasi rasmi. Kamati hizo, zenye wawakilishi wa wazazi na walimu, kwa muda mrefu zilikuwa na kazi ya kukusanya zaidi kuliko ya kuamua: zilihimiza michango na kusimamia ujenzi, ila fedha za serikali hazikupita mikononi mwao. Uchumi ulipoyumba, ada iliyofutwa 1973 ilirejeshwa 1984, na kufikia 2000 watoto wa rika la shule ya msingi waliokuwa darasani walikuwa chini ya asilimia 60.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza 2002 sambamba na kufutwa tena kwa ada, ndio uliobadilisha jambo la msingi, kwa sababu shule zilifungua akaunti za benki, zikapewa ruzuku kwa kuhesabu wanafunzi pamoja na fedha za ujenzi, na kamati zikapaswa kuandaa mpango wa shule na kutangaza mapato na matumizi. Ruzuku hiyo mara nyingi ilifika ikiwa pungufu au imechelewa. Hata hivyo, mzazi aliyezoea kuulizwa amechangia nini sasa alikuwa na haki ya kuuliza fedha zimenunua nini, na swali hilo lilifungua njia ya kuulizia vitabu, mahudhurio ya walimu na hatimaye iwapo mtoto anajua kusoma.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima ilipigwa marufuku, na baadhi ya wazazi wakaelewa kwamba hawadaiwi chochote tena, hata uji wa mchana. Waraka wa mwaka huohuo ulilazimika kufafanua kwamba sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa vilibaki kuwa jukumu la mzazi, na kazi ya kuwashawishi wazazi kuhusu mahindi na maharage ya shule ikarudi mezani kwa kamati, safari hii bila uwezo wa kumlazimisha yeyote.