Uzito pungufu (Handeni na Korogwe)

Uzito pungufu ni hali ya mwili kuwa na uzito mdogo kuliko unaohitajika kwa afya. Kwa mtu mzima, uzito wa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita. Jibu likiwa chini ya 18.5, uzito huo ni pungufu.

Madhara. Kinga ya mwili hudhoofika, damu na nguvu za mifupa hupungua, na hedhi huweza kuvurugika. Mama mjamzito huwa katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati, au kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5.

Hali ya eneo. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga, malaria huzidisha hatari hiyo, kwani hupunguza damu ya mama na kuzuia virutubisho kumfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Kuanzia 2014, watafiti waliwafuatilia wanawake wa Handeni na Korogwe tangu kabla ya kushika mimba, wakichunguza athari za upungufu wa damu katika ukuaji wa kijusi.

Kinga. Kliniki za wajawazito hutoa vyandarua vyenye dawa, vidonge vya SP vya kuzuia malaria, vidonge vya kuongeza damu na ushauri wa lishe.