Picha za Manzese Zilizoishia Saizi ya Pasipoti

Kama una miaka 20 na kitu na unataka kujua Barabara ya Morogoro pale Manzese ilikuwaje kabla ya mwendokasi, ingia mtandaoni utafute. Picha utazipata. Ila jaribu kuivuta moja uione vizuri: sura za watu zinageuka viboksi viboksi, vibao vya maduka havisomeki. Wengi wanasema kamera za zamani zilikuwa mbovu. Wapi! Kamera zilipiga fresh tu. Picha ziliharibikia njiani, kati ya kamera na mtandao.

Turudi nyuma. Septemba 2005, mpiga picha mmoja wa gazeti la serikali akiwa kikazi Helsinki, Finland, alifungua blogu ya picha. Jina mnalijua. Bongo nzima ikaona kumbe mtu mmoja anaweza kuwa na ukuta wake wa picha: harusi, misiba, mitaa, mastaa. Vijana wa uswahilini nao hawakubaki nyuma. Wengine wakafungua blogu, wengine wakajaza picha hi5, ambayo ndiyo ilikuwa habari ya mjini kabla Facebook haijateka kila mtu.

Kimbembe kilikuwa kuzipandisha. Enzi hizo intaneti yetu ilitegemea satelaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuja kuwashwa Dar Julai 2009. Kwenye intaneti kafe unalipia muda, na laini moja mnagawana wote mliokaa humo ndani.

Piga hesabu. Laini ya kilobiti 64 kwa sekunde inabeba kilobaiti 8. Picha ya megabaiti 2 inataka dakika 4 na ushee, tena uwe peke yako. Mkiwa wanane, ni zaidi ya nusu saa kwa picha moja! Umeme ukikatika ikiwa imefika asilimia 90, unaanza upya, na hela ya kafe imeshaliwa.

Wajanja wakapata dawa: punguza picha kwanza, ndiyo upandishe. Ukiishusha mpaka upana wa pikseli 400, inabaki kilobaiti chini ya 100 na inapanda chap. Watu wakafurahi, wakafundishana, ikawa ndiyo utaratibu.

Tatizo likahamia kwenye kadi. Memori kadi ya megabaiti 32 inabeba picha 16 tu za ukubwa ule. Ikijaa, unafuta ili upige nyingine. Na kwa sababu picha "ipo mtandaoni", ile kubwa ya kwanza ndiyo ilikuwa ikifutwa. Kilichobaki duniani ni kile kidogo cha pikseli 400. Ukikichapa kwa ubora wa studio kinatoka na upana wa sentimita 3 na nusu hivi. Mtaa mzima, daladala, wauza mitumba na watoto wao, wote ndani ya saizi ya pasipoti.

Na hata hicho kidogo kilikuwa kwenye nyumba ya kupanga. hi5 iliuzwa 2011, watu wakiwa wameshahama na nywila wamezisahau. Picasa, ghala lililokuwa likitunza picha za blogu nyingi bila wenye blogu kujua, ilifungwa 2016 na picha zikahamishiwa kwingine. Mwaka 2023 Google ikatangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa.

Manzese yenyewe haikusubiri mtu. Mei 2016 mwendokasi ulianza, daladala zikaondolewa kwenye njia ile, na barabara ya zamani haipo tena. Huwezi kurudi kupiga upya.

Sasa angalia simu yako. Unapiga picha ya bibi, unaituma WhatsApp, simu ikijaa unafuta ya kwanza kwa sababu "ipo kwenye grupu". WhatsApp kwa kawaida inaibana picha ili ipite haraka. Ni mchezo uleule wa kafe. Picha ya maana itume kama dokumenti, ile ya kwanza iweke sehemu mbili: flashi moja na akaunti moja unayoifungua mara kwa mara.

Vijana wa 2006 walikuwa na sababu: saa ya kafe ilikuwa inakwenda. Wewe je?