Mtoto wa Kongo aliyeimba kwa bendera ya Uswidi

Ndugu wasikilizaji, nanyi ndugu zetu mliokimbia vita na sasa mnaishi kambini au katika familia zilizowapokea hapa Kalemie, kuna swali ambalo vijana wanapenda kuuliza tunapozungumza habari za muziki: je, Kongo imekwisha kushindana katika Eurovision, yale mashindano makubwa ya nyimbo ya Ulaya? Jibu ni hapana. Lakini watoto wa Kongo wamekwisha kusimama kwenye jukwaa lile, na mmoja wao alipitia kambi ya wakimbizi. Historia hiyo inatuhusu.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1956 katika mji wa Lugano, Uswisi, kwa nchi saba tu. Yanaandaliwa na umoja wa redio na televizio za Ulaya. Kila nchi inapeleka wimbo mmoja, na hakuna nchi inayoruhusiwa kuupigia kura wimbo wake yenyewe. Kutoka Afrika, ni Moroko peke yake iliyowahi kushiriki, mara moja tu, mwaka 1980. Kwa hiyo Kongo haina mlango wa kuingilia. Ila kanuni za mashindano hayo hazidai kwamba mwimbaji awe mzaliwa au raia wa nchi anayoiimbia. Watu wa kwetu wamepita hapo.

Mwaka 2010, Jessy Matador, mwenye asili ya Kongo, aliiwakilisha Ufaransa mjini Oslo kwa wimbo wa kuchezesha watu, « Allez Ola Olé ». Alimaliza wa 12. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Stella Mwangi. Yeye alizaliwa Nairobi, akapelekwa Norwe na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2011 Wanorwe walimchagua kwa wimbo « Haba Haba », wenye maneno ya Kiswahili ndani yake, jina lake likitoka katika ile methali yetu ya haba na haba. Ndivyo lugha tunayoongea sokoni na bandarini hapa Kalemie ilivyosikika katika nusu fainali mjini Düsseldorf, Ujerumani. Stella hakufika fainali. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia ukumbini, na kiliingia kwa bendera ya Norwe.

Miaka kumi baadaye akaja Tousin Chiza, anayejulikana kwa jina la Tusse. Alizaliwa hapa Kongo mwaka 2002. Akiwa na miaka mitano familia yake ilikimbia nchi, na katika kukimbia huko akatengana na wazazi wake. Alikaa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda pamoja na shangazi yake. Baadaye wakafika Uswidi, nchi ambayo wengi wetu tunaiita Suède, naye akakulia katika kijiji cha jimbo la Dalarna.

Huko akasoma, akajifunza lugha, akaimba. Mwaka 2019, akiwa na miaka 17, alishinda mashindano ya televizio ya Idol. Tarehe 13 Machi 2021 Waswidi walimchagua awe mwakilishi wao kwa wimbo « Voices », yaani Sauti. Mwaka 2020 mashindano yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya Korona, basi fainali ya tarehe 22 Mei 2021 mjini Rotterdam, Uholanzi, ilingojewa kwa hamu. Kati ya nchi 26 zilizofika usiku ule, Tusse alipata pointi 109 na kumaliza wa 14. Washindi walikuwa kundi la Måneskin kutoka Italia.

Usiku ule jina la Kongo halikuwa kwenye ubao wa pointi. Je, sifa ni ya nani? Kuna wanaosema ni yetu, kwa sababu damu ni yetu. Mimi nafikiri tuwe wakweli. Tulichompa mtoto yule ni kuzaliwa, kisha vita vikamfukuza. Aliyemshika mkono ni shangazi yake, na waliompa shule na jukwaa ni watu ambao hawakuwa wa ukoo wake.

Nasema hivi si kwa kusifu ukimbizi. Kambi haileti bahati. Kwa mtoto mmoja aliyesikika Rotterdam, kuna maelfu ambao sauti zao hazikutoka nje ya hema. Sisi watu wa ziwa tunalijua jambo hilo. Katika vita vya miaka ya 1990 wengi wetu walivuka maji kwenda Kigoma, na wako waliozaa na kulea watoto katika kambi ya Nyarugusu. Kisha, hasa miaka ya 2016 na 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwatoa vijijini mamia ya maelfu ya watu wa jimbo la Tanganyika. Kambi zikauzunguka mji huu, na watoto waliofika mgongoni mwa mama zao sasa ni wanafunzi.

Kwa watoto hao, Uswidi yao ni nani? Ni sisi wenyeji wa Kalemie. Sisi ndio wenye shule, kwaya, uwanja na kipaza sauti. Lakini bado inasikika kauli ile ya kuuma: « Huyu si wa mtaa wetu, huyu ni wa kambini. » Kwa neno hilo mtoto anaondolewa kwenye orodha kabla hajafungua kinywa.

Waswidi wangeweza kusema vilevile juu ya Tusse. Badala yake walimsikiliza, wakapiga kura, wakampa bendera yao aishike. Basi siku kwaya zenu na shule zenu zitakapochagua waimbaji, mwiteni na mtoto wa kambini. Mwacheni aimbe kwanza. Akiimba vizuri, aandikwe kwa jina la mtaa wenu.