Ukumbi wa Bondeni na Mabondia wa Miji ya Bara

Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla hakujapambazuka, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa. Katika nchi za Maziwa Makuu, ngumi zikitajwa, pambano hilo hutajwa kwanza. Lakini lilikuwa pambano la Wamarekani wawili, waliokuja kwa mwaliko wa Rais Mobutu wa Zaire na kuahidiwa dola milioni 5 kila mmoja. Kijana wa Gitega au Muyinga, nchini Burundi, anayetaka kuanza masumbwi hapati humo njia ya kufuata. Na aitazame Nakuru.

Nakuru, nchini Kenya, ni mji wa bara uliokuzwa na reli na mashamba ya walowezi. Katika mtaa wake wa Bondeni kuna ukumbi wa jamii uliopewa jina kubwa la Madison Square Garden, sawa na ule wa New York. Mji huo, kupitia Nakuru Amateur Boxing Club, ndio uliomtoa Philip Waruinge, bondia wa uzito wa unyoya. Alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, akairudia Edinburgh mwaka 1970. Olimpiki ya Mexico, 1968, alishindwa nusu fainali na mwenyeji Antonio Roldán, akabaki na shaba. Hata hivyo alipewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote katika michezo ile. Mwenye shaba aliwapita wenye dhahabu! Munich, 1972, akaongeza fedha.

Ufundi wa namna hiyo huanza na mambo madogo yanayochosha. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kufunga bandeji: kuzungusha kwenye kifundo cha mkono, kupitisha kati ya vidole, kukaza bila kuzuia damu. Kisha kusimama, mguu wa kushoto mbele kwa asiye shoto, na kurusha konde moja la kunyoosha mara mia, mkono ukirudi kidevuni kila mara. Kuruka kamba ni kila siku. Vifaa hivi si vya gharama kubwa. Kilicho adimu ni mwalimu asiyekosa na paa la kufanyia mazoezi mvua ikinyesha.

Ufundi huo haukuwa wa Nakuru pekee. Waganda nao walivuna medali Mexico: Eridadi Mukwanga fedha, Leo Rwabwogo shaba. Mwaka 1988 Robert Wangila wa Kenya akashinda dhahabu Seoul.

Burundi iliingia Olimpiki mwaka 1996, na mwaka huohuo Vénuste Niyongabo akailetea dhahabu ya mita 5,000. Riadha ikawa fahari ya taifa. Ngumi zilisubiri hadi michezo ya Tokyo, 2021, alipopanda ulingoni Ornella Havyarimana wa uzito wa fly, katika mchezo ambao wanawake waliruhusiwa kuucheza Olimpiki kuanzia London 2012 tu.

Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Muyinga iko kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kobero na Tanzania. Ni miji ya soko, shule na vijana wengi, kama Nakuru ilivyokuwa, na inastahili ukumbi wake wa Bondeni. Mashindano ya kimataifa ya wakubwa huanzia umri wa miaka 19: msichana wa Muyinga akifungwa bandeji ya kwanza akiwa na miaka 15, ana minne ya kujifunza.