Mwaka 1927 na Deni la Wimbo

Mji wa Bristol umekaa juu ya mpaka. Barabara yake kuu inapita katikati, upande mmoja ni jimbo la Tennessee na upande wa pili ni Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927 alifika hapo mtu mmoja aitwaye Ralph Peer, mtumishi wa kampuni ya santuri ya Victor. Alikodi orofa lililokuwa halitumiki katika jengo la wafanyabiashara wa kofia, akatundika mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi, kisha akafunga mitambo mipya ya umeme ya kurekodi sauti. Kuanzia Julai 25 hadi Agosti 5 alirekodi nyimbo 76 kutoka kwa vikundi na waimbaji 19. Wanahistoria wengi wa muziki wa kantri huziita siku hizo kuzaliwa kwa muziki huo.

Sisi watu wa kanisa tuna sababu ya kuukumbuka mwaka huo, kwa maana nyimbo nyingi zilizoimbwa mbele ya kile kipaza sauti zilitoka kanisani. Ernest Phipps, mhubiri wa makanisa ya Utakatifu kutoka Kentucky, alikuja na waimbaji wake. Alfred Karnes, mchungaji wa Kibaptisti, alikuja na sauti nzito na gitaa kubwa. Siku ya mwisho iliimba kwaya ya kanisa kutoka mji mdogo wa jirani. Katikati yao walikuwapo pia waimbaji wa nyimbo za mapenzi, za ajali za treni na za kileo. Wote waliingia kwa mlango mmoja, na bei ya kawaida ilikuwa dola 50 kwa kila wimbo.

Dola 50 zilikuwa fedha nyingi kwa watu wa milimani. Gazeti la mji lilipoandika kwamba Ernest Stoneman, seremala aliyekuwa ameanza kuimba katika santuri, alikuwa amepata dola 3,600 katika mwaka uliotangulia, simu na barua zilimmiminikia Peer kutoka vijiji vya mbali. Tusiwahukumu haraka. Mtu mwenye shamba la mawe na watoto wenye njaa akisikia kwamba wimbo aliofundishwa na mama yake unaweza kununua unga, atakuja.

Miongoni mwa waliokuja ni familia ya Carter kutoka Poor Valley, maana yake Bonde la Maskini. A. P. Carter alifuatana na mkewe Sara, aliyekuwa na mtoto mchanga, pamoja na shemeji yao Maybelle. Maybelle alikuwa na umri wa miaka 18 na mimba kubwa. Binti yake alizaliwa Septemba mwaka huohuo. Waliimba nyimbo sita katika siku mbili. Sauti ya Sara na namna Maybelle alivyopiga gitaa, dole gumba likiongoza wimbo kwenye nyuzi nene na vidole vingine vikishika mapigo, zilienda mbali kuliko walivyoweza kufikiri.

Siku chache baadaye alikuja Jimmie Rodgers wa Mississippi, mfanyakazi wa reli wa zamani. Alikuwa na kifua kikuu, na katika siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Alikuwa amegombana na wenzake wa bendi, hivyo akaimba peke yake, nyimbo mbili tu. Aliishi miaka sita zaidi. Mwezi Mei 1933, huko New York, alirekodi akiwa dhaifu kiasi kwamba aliwekewa kitanda studioni apumzike kati ya wimbo na wimbo. Baada ya siku mbili akafariki, akiwa na umri wa miaka 35. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kwamba Mungu huweka hazina yake katika udongo, tunadhani alikuwa na watu wa namna hii mawazoni pia. Ndoa ya A. P. na Sara nayo ilivunjika katika miaka ya 1930, lakini wakaendelea kuimba pamoja kwa miaka kadhaa nyimbo za faraja zilizowatia nguvu wengine.

Mpaka hapa habari hii ni ya kutujenga, na wengi huishia hapa. Lakini kuna daftari la pili, nalo ni la madeni.

Peer alitaka nyimbo ambazo hazijaandikishwa kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu faida yake ilitoka kwenye hakimiliki. Kwa hiyo A. P. Carter alianza kuzunguka milimani akitafuta nyimbo za zamani. Alikaa na wazee, akaandika maneno, akayarekebisha, na nyingi zikaandikishwa kwa jina lake. Katika safari hizo alikuwa na mwenzake, Lesley Riddle, kijana Mweusi wa Kingsport aliyekuwa amepoteza mguu katika kiwanda cha saruji. A. P. aliandika maneno, naye Riddle alishika sauti, kwa maana alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Maybelle alijifunza mengi kwa kutazama vidole vyake. Jina la Riddle halikuonekana kwenye santuri. Katika miaka ya 1960 tu, Maybelle alipomtaja kwa mtafiti mmoja wa muziki, ndipo alipotafutwa na kusikilizwa.

Haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Makampuni ya santuri yaliwauzia Wazungu wa mashambani orodha moja na Weusi orodha nyingine, ingawa nyimbo zenyewe zilivuka mstari huo kila siku. Hata kule Bristol alirekodiwa mpiga harmonika Mweusi, El Watson. Desemba 10 ya mwaka huohuo, katika redio ya WSM mjini Nashville, mtangazaji George Hay alikipa kipindi chake jina la Grand Ole Opry, jina linalotumika mpaka leo. Mpigaji wa usiku ule alikuwa DeFord Bailey, Mweusi, ambaye harmonika yake iliiga mlio wa treni. Kwa miaka mingi alisafiri na nyota wa kipindi hicho akiwavutia watu, lakini hakuruhusiwa kulala katika hoteli zao wala kula mezani pao. Mwaka 1941 aliachishwa kazi. Alijikimu kwa kung'arisha viatu mjini humohumo. Heshima ya kuingizwa katika jumba la kumbukumbu la muziki wa kantri aliipata mwaka 2005, akiwa amekufa zaidi ya miaka ishirini.

Makanisa ya siku zile yaliimba kuhusu meza moja mbinguni, huku yakikubali meza mbili duniani. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Ujira si fedha tu. Jina pia ni ujira.

Tuitazame Zaburi. Nyingi zina anwani: hii ya Daudi, hii ya Asafu, hii ya wana wa Kora. Hao wana wa Kora walikuwa uzao wa mtu aliyeasi jangwani, lakini majina yao hayakufutwa katika kitabu cha ibada. Mwanzo sura ya 4 nayo inamtaja Yubali kuwa baba wa wapiga kinubi, ingawa ni wa ukoo wa Kaini. Biblia haioni aibu kutaja wimbo ulikotoka, wala haifikiri kwamba kumtaja mtu kunampunguzia Mungu utukufu.

Habari hii inatugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Santuri za Jimmie Rodgers zilifika mpaka nchi ya Wakipsigis, Kenya. Watu wakalitamka jina lake Chemirocha, wakamtungia wimbo wao wenyewe, wakimwazia kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa huko wakiuimba, na rekodi hiyo ikapendwa duniani. Katika miaka ya 2010 watu wa maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini, wakishirikiana na wanamuziki wa Kenya, walirudi Kericho na rekodi zile. Waliwatafuta waliorekodiwa zamani pamoja na jamaa zao, wakawakabidhi sauti zao. Walichelewa zaidi ya miaka sitini, lakini walirudi.

Sasa tujiulize wenyewe. Wengi wetu tumeimba Usinipite Mwokozi tangu utotoni bila kujua kwamba uliandikwa na Fanny Crosby, mama kipofu wa Marekani, wala kuuliza ni nani aliyeketi akautia katika Kiswahili. Kwaya zetu hurekodi, huuza, huweka video mtandaoni. Mara ngapi mwalimu aliyetunga anabaki kijijini bila kutajwa, au wimbo wa kwaya ya jirani unaimbwa kana kwamba ni wetu? Na fedha zinapoingia, ugomvi hufuata, tena hadi kwaya kugawanyika. Tukiambiwa, hujibu kwamba wimbo ni wa Mungu. Ni kweli kuwa ni wa Mungu. Lakini jibu hilo lisiwe kitambaa cha kufunikia deni. Hata mahindi ni ya Mungu, ila aliyeyalima tunamlipa.

Basi tunapendekeza jambo dogo linalowezekana. Kwaya inaposimama, kiongozi aseme wimbo ni wa nani na tuliupata wapi. Katibu aandike jina hilo katika daftari. Wimbo ukileta fedha, mtungaji au wajane na yatima wake wapelekewe sehemu yao kabla ya sare mpya kununuliwa. Na kama hatujui ni wa nani, tuulize wazee wangali hai. Riddle alikuwa hai miaka yote ile walipokuwa wakiimba alivyowafundisha.