Miaka 50 ya jengo ndani ya kompyuta, na kiwanja kilichoachwa nyuma

Machi 1975 jarida la Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani lilichapisha makala ya Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyedai kwamba kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya michoro. Jengo lielezwe mara moja, kipande kwa kipande, ndani ya mashine. Ramani za sakafu, mikato na idadi ya vifaa vitoke humohumo, na ukuta ukisogezwa mahali pamoja usogee kwenye michoro yote. Nusu karne baadaye, wazo hilo ni kazi ya kila siku ya ofisi nyingi, na sifa zote huenda kwa programu. Lakini programu ni nusu tu ya historia hii. Nusu ya pili ni mpangilio: nani anatunza modeli ya kiwanja, nani anatunza modeli ya kila jengo, na zinakutana kwenye nukta ipi. Nusu hii ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayotugharimu.

Hatua za programu zenyewe zinajulikana. Kampuni ya Graphisoft ya Budapest ilianzishwa 1982 ikaleta ArchiCAD. Revit ilitoka Marekani mwaka 2000, na miaka miwili baadaye kampuni ya programu ya Autodesk ikainunua kampuni iliyoiunda kwa dola milioni 133. Zote zilianza na jengo, ardhi ikafuata. Revit, kwa mfano, hupima kila kitu kutoka kwenye nukta yake ya ndani, na umbo likikaa zaidi ya kilomita 16 kutoka hapo mistari huanza kuharibika. Mpima ardhi naye hupima kwa viwianishi vya taifa: kwenye ramani yake ya Dar es Salaam, namba ya kaskazini huzidi mita milioni 9. Ukiimwaga ramani hiyo kama ilivyo ndani ya modeli, umeharibu kazi siku ya kwanza. Dawa ni kuliacha jengo karibu na nukta ya ndani, kisha kuiambia programu nukta hiyo iko wapi duniani. Kiwanja kiwe na faili lake, kila jengo lake, na yote yaunganishwe kwa viwianishi vya pamoja. Majengo matatu yanayofanana huhitaji faili moja tu, lililowekwa mara tatu.

Udhaifu wa kutegemea programu ulidhihirika Julai 2020. Ofisi kubwa za usanifu za Uingereza, zikiwemo Zaha Hadid Architects na Grimshaw, ziliiandikia Autodesk barua ya wazi. Zililalamika kwamba gharama zimepanda kwa miaka mitano huku Revit ikikua polepole, ikishindwa kubeba miradi mikubwa. Mkuu wa kampuni, Andrew Anagnost, alikubali kwamba upande wa usanifu haukuendelezwa kwa kasi iliyotakiwa. Wasanifu walikuwa na haki: anayelipa zaidi kila mwaka anastahili chombo bora zaidi. Hata hivyo ugomvi huo ulitoa somo pana. Ofisi ambayo mpangilio wake unaishi ndani ya programu moja haina pa kukimbilia. Ile inayojua nukta zake, mipaka ya faili zake na mgawanyo wa wajibu wake inaweza kuhama.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta za leo zina nguvu, kwa hiyo kugawa modeli kumepitwa na wakati. Uzito wa faili ni sababu mojawapo tu. Kubwa zaidi ni wajibu: mpima ardhi anajibia ardhi, msanifu jengo, mhandisi nguzo, na asiyejibia kitu hapaswi kukisogeza. Kiwango cha ISO 16739, kinachowezesha programu tofauti kuelewana, kinapanga vivyo hivyo: mradi, kisha kiwanja, kisha jengo, kisha ghorofa. Wengine watasema hayo ni ya miradi mikubwa, nyumba moja haiyahitaji. Lakini nyumba moja nayo ina bikoni, mteremko na maji ya mvua yanayotafuta njia. Sakafu iliyochorwa bila kujua kimo halisi cha ardhi itamtoza mwenye nyumba kifusi ambacho hakuna aliyekikadiria.

Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu majengo na upimaji wa ardhi chini ya paa moja. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuwafundisha wanafunzi wa fani hizo mbili kupanga modeli pamoja. Nazo ofisi zisisubiri vyuo. Kabla ukuta wa kwanza haujachorwa, msanifu na mpima waandike karatasi moja inayotaja nukta ya asili, kaskazini itakayofuatwa, kimo cha rejea, na mwenye kila faili. Kazi hiyo haihitaji leseni ya programu yoyote.